Kipara cha Bukima

Nyumba niliyozaliwa haikuwa na mwanaume, na haikuwa na pengo. Watu wa huku kwetu Mara wanajua nasema nini. Kwa wengine nitaeleza mara moja, sirudii. Bibi mmoja wa kilimani Butiama alifiwa na mume na hakujaliwa mtoto wa kiume. Ili mji usife, akatoa ng'ombe zake akaoa msichana. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Yule msichana ndiye mama yangu. Yule mwenye ng'ombe tulimwita Bibi, lakini wazee walipokaa alihesabiwa baba yetu, na ukoo alioolewa yeye ndio ukoo wetu sisi. Mwanaume aliyekuwa anaingia kwa mama yangu hakuulizwaga jina. Ndama ni wa mwenye zizi, fahali haulizwi alikopitia. Tukakua, tukashiba, tukachapwa kama watoto wengine.

Sikuona shida yoyote katika jambo hilo mpaka mjukuu wangu alipotaka kuolewa.

Mjukuu huyu ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi. Amesoma mambo ya kompyuta, na sasa amepanga chumba Musoma mjini akimalizia kazi yake ya chuo. Akampata kijana wa Mugeta anayefanya kazi ya umeme wa jua pale Bunda. Kijana mtulivu, anasalimia akiwa amesimama vizuri. Nikasema haya, waje.

Wakaja na shangazi wa baba yake, mwanamke wa rika langu, mkali kama mimi. Nikamletea maji. Akashika kikombe, akanitazama usoni, akakirudisha mezani.

"Mama," akasema, "wewe ni mtoto wa ile nyumba ya wanawake kilimani?"

"Ndiyo mimi."

"Baba yangu alikuwaga analeta ng'ombe mnadani huku. Akichelewa analala nyumba hiyo. Na hilo paji la uso ulilonalo nimelizika Mugeta."

Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Unasema mimi ni dada yako?" nikamuuliza.

"Sisemi. Lakini kama wewe ni damu ya baba yangu, hawa watoto ni ndugu. Mimi siwezi kunywa maji ya nyumba hii kama mkwe mpaka nijue."

Akainuka. Kijana wake akamfuata kichwa kimeinama. Na kusema ukweli sikumlaumu. Kwetu huwezi kuoa damu yako hata kama imepita milima mitatu. Watoto wanaopatikana hivyo hawabarikiwi, na lawama inabaki kwa wakubwa waliokaa kimya. Ila mimi ningemjibu nini? Mama yangu na Bibi walishakufa wote wawili. Jina la mtu yule sikuwahi kulisikia, na tangu nikiwa mdogo nilifundishwa nisilitafute.

Mjukuu wangu hakulia mbele yangu. Aliosha vyombo vyote, na vile visafi pia.

Mwezi uliofuata nilishuka Musoma kutibiwa macho, nikafikia kwake. Chumba kimejaa waya. Juu ya meza kompyuta, na pembeni makaratasi ya mila alizokuwa akikusanya kwa wazee wa Buswahili, Mugeta na Bukima: nani anamwoa nani, mtoto ni wa nani, msibani nani anafanya nini. Nikamuuliza anazipeleka wapi.

"Naifundisha kompyuta, Bibi."

"Ifundishwe mila? Inataka kuolewa?"

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akaniambia mtandao huu tulio nao, ambao vijana wanauinamia kutwa, unaona herufi tu. Ukiandika mama, unatafuta palipoandikwa mama. Haujui mama ni kitu gani. Kuna watu duniani wanajenga mwingine unaojua maana.

"Utajuaje na haujazaa?"

"Unafundishwa kwa vitu viwili. Cha kwanza tunakiita ontolojia. Hapo unaeleza vitu vilivyopo na aina zake: mtu ni nini, nyumba ni nini, ukoo ni nini, nani hawezi kuwa nani. Cha pili ni kanuni. Ikiwa hivi, na tena hivi, basi vile."

"Kwa nini kisitoshe kimoja?"

Akafikiri. Huyu mtoto akifikiri anang'ata kidole, tangu mdogo.

"Ile ya kwanza inaweza kukwambia shangazi ni mwanamke, na ni ndugu wa mtu. Lakini haiwezi kutoka kwako ikaenda kwa baba yako, ikatoka kwa baba yako ikaenda kwa dada yake, halafu ikarudi kwako na kusema huyu ndiye shangazi wako wewe. Mzunguko huo unataka kanuni. Na kanuni zikiwa peke yake zinatembea tu, hazijui zinakanyaga nini."

"Jembe na mpini," nikasema.

"Ee. Lakini kuvifunga pamoja ndiyo kazi, Bibi. Ukivifunga vibaya, kompyuta inazunguka humo humo haitoki."

Hilo nililielewa. Nimelima na majembe ya kila namna.

Nikamwambia aiingize nyumba yangu, nione. Akabisha kidogo kwa heshima, akakubali. Nikamtajia watu, yeye anaandika. Alipomaliza akabonyeza, na maandishi yakatoka mekundu.

"Inasemaje?"

"Inasema haiwezekani."

"Nini hakiwezekani?"

"Nyumba yenu, Bibi." Akafunika uso kwa mkono. "Nimekosea mimi. Niliandika mume lazima awe mwanaume. Nikaandika mwanaume hawezi kuwa mwanamke. Halafu nikaandika bibi yule ndiye mume wa mama yako. Imeona vinapingana, imekataa vyote."

"Yaani inasema sikuzaliwa?"

"Inasema niliyoiambia hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja."

"Iambie alitoa ng'ombe!"

"Bibi, usiipigie kelele, haisikii."

Nilikasirika, sifichi. Lakini nikakaa nikatazama, na hasira ikaanza kupungua. Maana wakubwa wangapi nimewaona wanasema mambo mawili yanayopingana kwenye kikao kimoja, na sisi tunapiga makofi? Hiki chombo hakikupiga makofi.

Tukaanza upya. Nikamwambia amtenganishe mwenye ng'ombe na mwenye damu. Kwetu ni watu wawili, wakati mwingine wanakuwa mtu mmoja, lakini siyo lazima. Akaandika aina mbili. Kisha tukatunga kanuni, mimi nasema yeye anaipanga: ikiwa mtoto kazaliwa katika nyumba, na nyumba hiyo imeolewa kwa ng'ombe za fulani, basi mtoto ni wa ukoo wa mji wa fulani, hata kama fulani ni mwanamke. Akabonyeza.

Wekundu ukaisha. Akaniita nisogee, akanisomea mstari: kwamba mimi ni wa ukoo wangu.

"Si umeandika wewe?"

"Sijaandika, Bibi. Angalia, popote hapa hakuna. Nimeandika ng'ombe, nyumba, mama yako. Hilo la ukoo imelipata yenyewe."

Jambo ambalo wazee wetu wangelikalia kutwa nzima, wakigombana, wakinusa tumbaku, mpaka mmoja akumbuke, hiki kimelisema kabla sijafunga mdomo. Tena kimesema sawasawa na wao.

"Mbona hujaniandika kuwa mimi ni mke mwenzio?" nikamchokoza, maana ndivyo ninavyomwitaga tangu akiwa mtoto.

"Bibi, huo ni utani. Utani bado sijaweza kuifundisha."

"Basi haijawa mtu wa Mara."

Tukacheka. Halafu akaacha kucheka, akainamia kioo. "Bibi, kuna na hili."

Akanisomea. Ilikuwa imesema kwamba mimi nina baba wa damu. Yuko mmoja. Jina hakuna.

"Nani kaiambia?"

"Hakuna. Niliandika tu kwamba kila mtu ana baba wa damu mmoja, hawezi kuwa na wawili wala kukosa. Wewe nimekuandika mtu. Basi wako yupo. Inajua yupo, haijui ni nani."

Naomba radhi, lakini katika maisha yangu yote sikuwahi kumfikiria yule mtu kuwa yupo. Kwetu alikuwa kama njia ambayo mvua imepitia, unaona shamba limeota, hutazami juu. Sasa hapa, ndani ya chumba cha Musoma, kwa hesabu ya kitu kisicho na tumbo, alikuwepo. Amekaa pembeni, hana jina, ananingoja.

"Ziambie kanuni zako zikamfuate," nikasema. Sauti yangu sikuipenda.

"Haziwezi. Kanuni nimezifunga zifanye kazi kwa wenye majina tu. Nikiziachia ziwafuate wasio na majina, zitakwenda kwa baba yake huyo, na baba wa baba yake, na wa huyo tena, wote hawana majina, hazitarudi mpaka kesho kutwa."

Akili. Huko kwa wasio na majina hata sisi watu tunakwendaga, na wengine hawarudi.

"Basi iulize. Baba wa huyu mama wa Mugeta, ndiye?"

Akaiuliza. "Inasema haijui."

"Inakataa?"

"Hapana, Bibi. Kutoambiwa siyo kukataa. Haijaambiwa, basi haisemi ndiyo, haisemi hapana."

Nimeishi na wanaume, nimekaa na viongozi, nimesikiliza wahubiri. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia mmoja wao anasema sijui na kuishia hapo. Nilikitazama chombo kile kwa heshima ambayo simpi kila mtu.

Lakini heshima haimwozeshi mtoto. Mjukuu wangu akawa kama amechanganyikiwa, akaanza kuniuliza maswali ya kila aina. Ulipokuwa mdogo ulienda wapi? Nani alikuja kwenu? Misiba gani ulipelekwa? Nikamtajia Buswahili kwa mjomba, nikamtajia mnadani, nikamtajia misheni.

"Bukima?"

"Bukima nilienda mara moja, na sitaki kupakumbuka. Walininyoa kipara."

"Kwa nini?"

"Chawa. Mama alisema nina chawa. Safari yote ile kwa miguu, nafika kwa watu nisiowajua, wananikalisha chini kati ya miamba miwili iliyo majini, mtu ananishika kichwa, wembe. Nililia sana, maana nilikuwa na nywele nzuri. Halafu wakanipa samaki, ningu mkubwa wa kuchemsha, nikala, nikanyamaza. Watoto ndivyo walivyo."

"Kulikuwa na nini pale?"

"Msiba. Mzee mmoja aliyekuwa akisuka migono ya kutegea samaki. Migono yenyewe ilikuwa imerundikwa mlangoni, nakumbuka nilijificha nyuma yake."

Akaandika, kama alivyokuwa ameandika mambo mengine yote, bila kunitazama. Kanyolewa, msiba wa msuka migono, Bukima. Akabonyeza. Mimi nilikuwa nimeinama nachambua dagaa kwenye sinia.

Nikasikia kiti kinasukumwa, nikainua kichwa. Amesimama, mkono mdomoni.

"Nini? Imekataa tena?"

"Bibi, imeandika jina."

"Jina gani?"

"La baba yako."

Dagaa waliokuwa mkononi niliwarudisha kwenye sinia taratibu, mmoja mmoja. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Akanieleza. Alipokwenda Bukima kwa kazi ya chuo, alikaa na mzee mmoja wa mji ule ule wa miamba miwili. Mzee hakumjua yeye ni mjukuu wa nani, wala hakuuliza. Akamwambia mila zao za msiba, na mojawapo ni hii: mwenye mji akifa, anayenyolewa ni mtoto wa damu yake tu. Mke hanyolewi. Mkwe hanyolewi. Mtoto aliyekuja na mama yake hanyolewi. Wembe unafuata damu, alisema. Akamtajia na wakubwa wa mji waliozikwa pale, na yule baba yake mkubwa, msuka migono, akiwa mmoja wao. Mjukuu wangu akaiweka kanuni ile pamoja na nyingine nyingi, akaisahau.

"Mzee alisema kanuni bila kukujua wewe. Wewe umesema chawa bila kuijua kanuni. Mimi nilikuwa nayo yote mawili na sikuona. Yenyewe imeona."

"Na yule wa Mugeta?"

Akabonyeza. "Imekataa, Bibi. Safari hii siyo haijui. Baba wa damu ni mmoja tu, na mmoja ameshapatikana."

Niliomba maji. Kuna kitu kinamshika mtu kanisani, siyo kila Jumapili, mara chache, unahisi paa limepanda juu. Kilinishika pale, kwenye kiti cha plastiki. Siyo kwamba mashine ni Mungu, nisije nikanukuliwa vibaya. Ni kwamba ukweli ulikuwepo muda wote huo, nusu umelala Bukima kinywani mwa mzee, nusu umelala Butiama kichwani mwangu chini ya kitambaa, na hakuna nusu iliyoijua nyingine. Zilikuwa zinangoja mtu aziweke meza moja.

Lakini mtoto niliyemlea ana adabu. Akasema, "Bibi, hii inasema kweli ikiwa tuliyoiambia ni kweli. Kama walikunyoa kweli kwa ajili ya chawa, basi nayo imekosea. Lazima twende."

Tukaenda. Asubuhi, upepo wa ziwa unapiga, nyavu zimeanikwa. Miamba miwili ipo pale pale, ila imekuwa midogo, au mimi ndiye nimekua. Mzee akatoka, fimbo mkononi, akamtambua mjukuu wangu.

"Mwalimu wa kompyuta! Umerudi kutuuliza tena tunavyokulaga?"

"Shikamoo babu. Nimekuja na bibi yangu. Wa Butiama, kilimani."

Nilivua kitambaa. Sikupanga, mkono wenyewe ulikwenda. Mzee akanitazama kichwani, kisha usoni, muda mrefu.

"Wewe siyo yule mtoto aliyejificha nyuma ya migono?"

Nikashika bega la mjukuu.

"Ndiyo mimi."

"Dada!" akasema. "Nilikuwa nachunga mbuzi. Nilicheka ulivyokuwa unalia, nikapigwa kofi na mama. Tuliambiwa wewe ni wa baba mkubwa lakini ni wa mji mwingine, tusikufuate, tusikuite. Tumeshika adabu mpaka leo."

"Mama yangu alisema chawa."

"Angesema nini? Angekwambia umekwenda kumzika baba yako, na mwenye ng'ombe yuko hai nyumbani?"

Hapo ndipo nilipomwona mama yangu. Alikuwa msichana tu, ameolewa na mwanamke mzee. Alikuwa na sheria mbili: mtoto ni wa mwenye zizi, na damu lazima imzike mwenye damu. Ya kwanza inamkataza kusema, ya pili inamkataza kukaa nyumbani. Akazifunga pamoja kwa neno moja, chawa, akanishika mkono tukatembea mpaka ziwani na kurudi, na hakuna aliyekosewa. Mjukuu wangu anasomea jambo hilo miaka, na amekosa usingizi kwa ajili yake. Mama yangu hakuwa amesoma hata darasa moja. Siwapimi. Wote wawili wananishangaza, na yule ambaye yuko hai nilimwambia.

Yule mzee hakutaka tuondoke mikono mitupu, na mwenyewe hakutaka kubaki. Tulipoita watu wa Mugeta waje tena Butiama, alikuwa ameketi kwangu tayari, amefika na sangara mkavu ananuka nyumba nzima. Shangazi wa Mugeta akaingia, akavuta pua.

"Naambiwa siku hizi kompyuta ndiyo mzee wa ukoo."

"Mzee wa ukoo ni huyu," nikamwonyesha. "Kompyuta ilitukumbusha tumsalimie."

Mzee akaeleza mwanzo mpaka mwisho: msiba, wembe, migono, kofi alilopigwa. Shangazi alimsikiliza bila kupepesa. Akauliza vitu vigumu, na vizuri. Nani alishika wembe? Baba yangu mimi mwenyewe, akasema mzee. Nani alimleta mtoto? Mama yake, akakaa nje ya ua, hakuingia, maana hakuwa mke wa pale. Shangazi akatikisa kichwa. Hilo la kukaa nje ya ua lilimgusa kuliko yote, niliona.

"Na hilo paji la uso?" akaniuliza, lakini ukali umepungua.

"Paji ni langu. La baba yako kalitafute kwenu."

Mzee wa Bukima akacheka mpaka akakohoa. Kijana wa umeme wa jua alikuwa anatazama sakafu kama vile ndiko kuna jibu. Mjukuu wangu amesimama mlangoni na mtungi, anang'ata kidole.

Jioni moja kabla ya hapo alikuwa ameniuliza amwandike vipi yule bibi wa kilimani, sasa kwa kuwa baba wa damu amepatikana. Nikamwambia aandike wote, na yule wa ng'ombe akae juu. Akasema kwenye kompyuta hakuna juu wala chini. Nikamwambia basi waandike bega kwa bega, na tuone kama itakuwa nyekundu. Haikuwa nyekundu.

Shangazi akanyoosha mkono. "Mtoto, hayo maji uliyobeba ni ya kumwagilia maua?"

Mjukuu wangu akamimina. Shangazi akapokea kwa mikono miwili, kama mkwe anavyopokea, akanywa yote, akakirudisha kikombe.

"Ongeza," akasema. "Nimetoka mbali, na siku ile niliondoka na kiu."